Mashua ya Bwana Forbes

Wikiendi hii, kaeni wawili mtazame Pitfall, filamu ya mwaka 1948 ya mwongozaji André de Toth. Haina rangi, lakini mambo yake ni ya leo kabisa.

John Forbes (Dick Powell) anafanya kazi kampuni ya bima, Los Angeles. Ana mke anayempenda, Sue, na mtoto wa kiume. Kinachomsumbua ni kuchoka: kila siku njia ile ile, ofisi ile ile. Asubuhi anamkumbusha Sue ndoto yao ya kuunda mashua na kuizunguka dunia. Sue anamjibu kwa utani, basi, yanaishia hapo.

Kisha kazi inampeleka kwa Mona Stevens (Lizabeth Scott), kudai mali iliyonunuliwa kwa pesa za wizi. Na Mona ana nini? Boti!

Wapenzi wasomaji, tusikimbilie kumlaumu Mona. Hakujua kama bwana ana mke, alipojua, akajitoa. Lakini uongo ulishaota miguu: mpelelezi anayemtaka Mona kwa nguvu anachochea fitina, na Forbes anaishia kuua mtu nyumbani kwake mwenyewe. Sue anakubali kujaribu tena, ila hamwahidi kwamba yamekwisha.

Kwa hiyo mwenzi wako akigusia ndoto ya zamani huku anacheka, usiipite hivi hivi. Vuta kiti, muulize: bado unaitaka? Pengine anachotafuta ni mtu wa kupanda naye mashua, na angependa uwe wewe.