Nani Kasema Garissa Haichezi?

Mwandishi mmoja wa Nairobi alitafuta klabu Garissa, akaikosa, akahitimisha gazetini kwamba muziki wa elektroniki haujavuka daraja la Tana. Angeingia harusini kwanza. Huko mpiga kinanda cha umeme ndiye bendi nzima: ngoma, besi na filimbi vyote viko vidoleni mwake, mwimbaji kando, na dhaanto, ngoma ya Kisomali, inachezwa hadi jasho litiririke. Kama hiyo si elektroniki, ni nini?

Wala si mambo ya jana. Miaka ya 1980 bendi ya Kisomali, Dur-Dur Band, walikuwa wakichanganya sintesaiza na fanki kule Mogadishu. Mwaka 2013 lebo ya Marekani, Awesome Tapes From Africa, ikaitoa upya kaseti yao, Volume 5. (Wazungu walisikia; jirani yetu wa Nairobi bado.)

Na usiku wa klabu anaoulilia mwandishi huyo? Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali ilitufungia ndani tangu magharibi hadi alfajiri, pamoja na Wajir, Mandera na Tana River. Klabu gani ingefunguliwa saa hizo? Makala yake inailaumu dini mwanzo hadi mwisho, kafyu haimo.