Nani Mweusi Hivyo?

Ndugu zangu, kuna maneno niliyasikia nje baada ya ibada, yakanikaa kooni. Vijana walikuwa wakitazama kwenye simu michoro ya Kerry James Marshall, mchoraji mweusi wa Marekani aliyezaliwa Alabama mwaka 1955. Mzee mmoja akachungulia, akasema, "Huyu anatukejeli. Nani mweusi hivyo?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Marshall huwachora watu wake weusi tititi, tena kwa makusudi. Weusi huo hautoki kwenye kopo moja. Hutumia rangi ya masizi, ya mifupa iliyochomwa na ya oksidi ya chuma, kisha huchanganya na buluu au kijani, hata ukisogea karibu unaona shavu, kope, kivuli cha pua. Katika mchoro wake De Style, wa mwaka 1993, watu wako kwa kinyozi, na kichwa cha kinyozi kimezungukwa na nuru kama ya watakatifu. Kinyozi!

Hapo ndipo tunapokwazwa. Tunafundisha watoto kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini sebuleni tumetundika Kristo wa Warner Sallman, mchoraji wa Chicago, aliyemchora mwaka 1940 na nywele za kahawia zikiteremka mabegani. Picha hiyo imechapwa mamilioni kwa mamilioni. Myahudi wa Nazareti amepewa sura ya Mzungu, wala sijasikia mzee akisema tunakejeliwa. Ila ngozi ya bibi zetu ikipakwa kwenye turubai, imezidi!

Mtanijibu kwamba amri inakataza sanamu. Haya, tuzishushe zote, tuanze na ile ya sebuleni.

Wapo wanaopita njia nyingine. Amy Sherald alipomchora Michelle Obama, picha iliyozinduliwa mwaka 2018, ngozi aliipaka kijivu, ili rangi isitangulie kumsemea mtu. Nia yake naielewa, ingawa moyo wangu uko kwa Marshall. Yeye hakuachii nafasi ya kuukimbia weusi.

Nasi tunaukimbia. Tulipopiga picha ya kwaya kwa ajili ya kalenda, mpiga picha alitung'arisha sote kwa kompyuta, tukatoka rangi ya chai ya maziwa, tukamshukuru. Binti mmoja wa sauti ya pili, mweusi kutuzidi sote, aliishika kalenda akaitazama sana, kisha akauliza, "Mimi niko wapi?"

Tukamwonyesha kwa kidole. Alikuwa mstari wa mbele.