Mgema Akisifiwa

Mwaka huu sitaandika juu ya usafi wa mabweni, maana hayo yamesemwa hata yamechoka. Nataka tumzungumze dereva mmoja wa mashindano ya magari, kisha tujitazame sisi wenyewe tunaopanda matatu pale Kombani.

Dereva mwenyewe ni Colin McRae wa Scotland. Vijana wa rika langu humjua kwa mchezo wa kompyuta uliobeba jina lake, lakini wazee wetu walimjua kwa Safari Rally. Aliishinda Safari mara 3: mwaka 1997 akiwa na Subaru, kisha 1999 na 2002 akiwa na Ford. Mwaka 1995 alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 27, na hakupatikana bingwa mdogo kumliko mpaka mwaka 2022, alipokuja kijana wa Finland, Kalle Rovanperä.

Barazani kwa mjomba wangu, ambaye aliendesha matatu ya Likoni miaka mingi, jina hilo likitajwa tu kahawa hupoa. Kuna wasemao, "Yule ndiye dereva bwana, hao wengine walikuwa wachukuzi wa usukani!" Na kuna wajibuo, "Dereva gani? Yule alikuwa mvunja magari!" Kila upande una ushahidi wake, na hata huko kwao Uingereza ubishi ulikuwa huo huo. Watu walimbandika jina la McCrash, yaani bwana wa kugonga, na watu hao hao walijaa misituni kwenye baridi kumngoja apite.

Tusikilize pande zote mbili. Wanaomlaumu watakukumbusha mashindano ya Finland ya 1992, alipoliangusha gari zaidi ya mara moja katika mashindano yale yale. Wanaomsifu watasema: sawa, lakini gari lile lililopondeka alilifikisha mwisho, akawa wa 8! Wanaomlaumu watataja Uhispania mwaka 1995, timu yake ilipoamuru madereva wake wasishindane wao kwa wao ili Carlos Sainz ashinde. McRae hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, akazidi kukanyaga mafuta, hata ikabidi achelewe kituoni makusudi ili apigwe adhabu na Sainz apate nafasi yake. Wanaomsifu watajibu kwamba majuma machache baadaye, huko Uingereza, alimshinda Sainz huyo huyo peupe na kuchukua ubingwa. Na mwaka 2001 je? Alifika mashindano ya mwisho akiongoza kwa pointi, akaliangusha gari siku ya kwanza, na ubingwa ukamwendea Richard Burns kwa tofauti ya pointi 2 tu.

Mimi naona ubishi huu wote umesimama juu ya kosa moja. Pande zote zinachukulia kuwa ufundi wa dereva ni kitu kimoja na hulka yake ni kitu kingine, na kwamba hulka haibadiliki: "Ndivyo alivyoumbwa, atafanyaje?" La hasha! Safari yetu wenyewe inatuonyesha vingine.

Mwaka 1993 Subaru walileta Safari vigari vidogo viitwavyo Vivio, injini yake haifiki hata sisi 700. Kimoja alipewa McRae, na kingine Mkenya mwenzetu Patrick Njiru. McRae alikikimbiza chake kama mtu aliyeibiwa, akawaacha nyuma wenye magari makubwa, watu wakashangaa. Lakini hakikufika popote, kilivunjika mapema. Njiru alikijua chombo chake na aliijua barabara. Alikwenda kwa hesabu, akamaliza wa 12 kati ya wote na wa kwanza katika daraja la magari madogo. Mwaka uliofuata, akiwa na Subaru kubwa zaidi, alimaliza wa 4.

Sasa sikilizeni. McRae yule yule alirudi mwaka 1997 akashinda. Je, barabara za Kenya zilikuwa zimekuwa laini? Hapana. Mashimo yalikuwepo, vumbi lilikuwepo, na siku zile barabara za Safari hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na ng'ombe, matatu, na watoto wakitoka kisimani. Helikopta iliruka mbele kumtahadharisha dereva. Mahali kama hapo huwezi kushinda mara 3 kwa kukanyaga mafuta tu. Basi ni dhahiri kwamba McRae aliweza kujizuia. Alipoiheshimu barabara alipunguza, na alipopunguza alishinda. Ushindi wake wa 2002 hapa Kenya ulikuwa wa 25 katika mashindano ya dunia, na ndio uliokuwa wa mwisho. Kwa hiyo hulka si kisingizio. Kujizuia ni sehemu ya ufundi, tena ni ile sehemu ngumu.

Yaliyofuata yanatia huzuni, na sitayasema kwa kejeli. Tarehe 15 Septemba 2007, McRae alikuwa akirusha helikopta yake karibu na nyumbani kwao. Ilianguka. Alikufa yeye, mwanawe wa miaka 5, mtoto mwingine rafiki wa mwanawe, na mtu mzima mmoja. Uchunguzi wa mahakama uliotolewa mwaka 2011 ulisema kwamba alikuwa akiruka chini mno pasipo haja na pasipo usalama. Katika gari la mashindano, mwelekezi anayekaa kando ya dereva amekubali hatari hiyo kwa hiari yake. Lakini mtoto aliyepakiwa nyuma amekubali nini?

Hapo ndipo ninaporudi Kombani. Muhula uliopita tulipofunga shule, tulipanda matatu moja kuelekea Likoni, tumejaa wanafunzi na mabegi yetu. Nyuma ikatokea nyingine, na madereva wakaanza kuoneshana. Sisi tulifanya nini? Tulishangilia! Tulipiga mabati, tukaimba, tukamwambia dereva asikubali kupitwa. Mama mmoja aliyempakata mtoto alisema, "Dereva, punguza mwanangu, nina kiumbe hapa." Utingo akacheka. Nasi tukacheka. Mimi nilicheka.

Mbele kidogo alikuwepo muuza madafu na baiskeli yake. Matatu yetu ilipokwepa gari lililokuja, ilimsukuma nje ya lami. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini mkono ulivunjika na madafu yakatawanyika barabarani. Kelele zote zilikatika. Mama yule hakutusemesha, alitutazama tu. Afadhali angetutukana.

Huku kwetu Matuga wagema tunao, na methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji hatukuisoma vitabuni tu. Dereva naye akisifiwa hulitia maji. Yule wa matatu alikanyaga mafuta, lakini sauti zilizomsukuma zilikuwa zetu. Nilipomsimulia mjomba kisa hiki aliniambia, "Mwanangu, kwenda mbio hata mlevi aweza. Mimi nilimjua dereva kwa namna anavyoshika breki." Tena mjomba ni mmoja wa wale wanaompenda McRae mpaka leo!

Najua wapo watakaoniambia, "Wewe waogopa tu." Wengine watauliza kama nataka mashindano ya magari yapigwe marufuku. Sitaki. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na mimi hufurahi nikiyaona magari yakitimua vumbi Naivasha. Huko njia hufungwa, madereva huvaa kofia ngumu, na aliyemo amejitolea. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga haikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote. Ni ya muuza madafu, ni ya mama yule, ni ya mtoto wa chekechea wa Tiwi anayevuka kwenda shule.

Ombi langu kwenu ni dogo. Tukifunga shule muhula huu, matatu ikianza mbio, tusishangilie. Mmoja wetu aseme, "Dereva, punguza," na wengine tumuunge mkono badala ya kumcheka. Nimejiahidi kuwa nitakuwa wa kwanza kusema. Na siku ile nikinyamaza, nikumbusheni ukurasa huu.

Wasalaam.