Saini Haipigi Besi

Gitaa la besi lenye saini ya msanii mashuhuri hudaiwa kwamba sura yake pekee yahalalisha bei. Hoja hiyo ni uzuri wa mkakasi. Kampuni ya Fender imeuza nakala za besi ya mwanamuziki Jaco Pastorius zilizokwanguliwa rangi kiwandani ili zionekane kuukuu. Michubuko ya besi ya Jaco mwenyewe ilitokana na kuipiga. Shingo ya besi hiyo haina vyuma vya kugawa noti, sawa na udi aliopiga Zein l'Abdin katika taarabu ya Mombasa: sikio ndilo linaloongoza kidole. Hapo saini haisaidii kitu. Kidole kikikosea, wasikilizaji watajua. Mnunuzi na afumbe macho kwanza, asikilize, ndipo aulize bei.