Staa Wetu, Trela ni Kali, Ila Hiyo Gari Siyo ya Kulivuta

Wiki hii nzima simu yangu imejaa klipu moja tu. Mwanadada mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kajipeleka Iringa na familia huku nyuma anavuta karavani dogo jeupe, lile trela la kulala lenye kitanda, kijiko na dirisha la pazia. Droni juu, muziki chini, maneno "familia kwanza". Kwa kweli ni kitu kizuri, na mimi ni wa kwanza kusema mastaa wetu wamezidi kwenda Dubai, acha waione nchi yao.

Ila rudia klipu taratibu. Pale sekunde za mwisho, kuna mtu yuko gari ya nyuma anarekodi. Kwenye mteremko trela linaanza kuyumba kushoto kulia, kushoto kulia, na mrekodi anacheka kwamba "trela linacheza wimbo wake". Mle ndani kuna mtoto.

Kuna kijana mmoja kwenye komenti aliuliza swali dogo tu: "Dada, hilo trela lina breki zake?" Mlimfanyia nini? Mkamwita maskini, mwenye wivu, mkamwambia kwanza anunue baiskeli. Komenti zaidi ya elfu, na yenye akili ilikuwa hiyo moja. Leo namtetea, maana naona wengine mmeshaanza kuuliza karavani la kukodi linapatikana wapi, na mnataka kulifunga kwenye hizi SUV zetu za mjini.

Gari yake siitaji. Ni ile cc 2000 ya petroli, ya oto, nyeupe, Sinza na Mikocheni zimejaa. Gari nzuri kwa kwenda saluni na kwenye shoo. Lakini gari ya kuvuta haichaguliwi kwa muonekano, na wala haichaguliwi kwa cc kama washkaji wa kijiweni wanavyodhani. Unaanza na trela. Unalijua uzito wake likiwa limejaa, halafu ndo unatafuta gari. Yeye kaanza na gari aliyonayo, akanunua trela lililompendeza kwenye picha.

Haya twende kwenye hesabu, msikimbie, ni za darasa la nne.

Chukua karavani dogo la kilo 900 tupu. Muuzaji atakutajia hiyo 900 tu, kwa sababu inauza. Sasa jaza tanki la maji lita 100, hizo ni kilo 100. Weka mtungi wa gesi wa kilo 15, na hizo 15 ni gesi peke yake, chuma chake bado hujakipima. Weka betri, jenereta, magodoro, vyombo, friji dogo, kreti mbili za soda, mabegi ya dada yetu (na tunajua akisafiri anabeba nini). Umeshafika kilo 1,200 bila kushtuka.

Katika hizo 1,200, kuna uzito unaolalia gari moja kwa moja pale trela linaposhikana na gari, kwenye kile kigololi cha chuma. Wamarekani wanataka uwe asilimia 10 hadi 15 ya trela lote. Ulaya wanashuka chini ya hapo, na kila gari ina kikomo chake kilichoandikwa. Tuseme asilimia 10, kilo 120. Huo ni mzigo wa gari, sawa na kuweka mifuko miwili ya saruji na zaidi kwenye buti, tena nyuma kabisa ya matairi.

Sasa tuchukulie gari yenyewe imeruhusiwa kubeba kilo 400, watu na mizigo. Kwenye klipu nimehesabu yeye, mwenzake, dada wa kazi na mpiga picha. Kila mmoja mpe kilo 70, ni 280. Mtoto 15. Ongeza zile 120. Jumla 415. Gari imeshazidi kabla hajaweka hata pochi! Ndo maana mnaona nyuma imekaa kama imebeba magunia ya mkaa na taa za mbele zinamulika mbinguni. Na nyuma ikishuka hivyo, matairi ya mbele yanapungukiwa uzito, na hayo ndo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki.

Kuna mjuaji atasema basi mizigo yote irudishwe nyuma ya trela ili gari ipumue. Weee! Hapo ndo unaita msiba. Trela likiwa zito mkiani linakuwa kama fimbo inayochapa gari, likianza kuyumba linazidi tu. Mizigo mizito inakaa chini, karibu na ekseli ya trela, kidogo mbele yake. Kwa dada yetu nadhani tatizo halikuwa mkia mzito. Lilikuwa gari nyepesi, mwendo mkubwa na mteremko, trela linaisukuma gari badala ya kuvutwa. Hali hiyo ikikukuta, unaachia mafuta, unashika usukani umenyooka, hukanyagi breki kwa hasira na hujaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo.

Waingereza wana kanuni yao kwa wanaoanza kuvuta: trela lililojaa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa trela letu la 1,200, gari isiwe chini ya kilo 1,410 hivi. SUV ya dada inaweza kupita hapo kwa kuchungulia, na najua team yake watakuja kunipigia kelele na hiyo namba. Haitoshi. Aliyetengeneza gari naye ana kikomo chake cha kuvuta, na ukishakuwa na namba mbili unaitii ile ndogo.

Shida ya hapa mjini ni kwamba gari zetu nyingi zimetoka Japan zikiwa zimetumika, kitabu ni cha Kijapani au hakipo kabisa. Njia ni kutafuta gari hiyo hiyo, injini hiyo hiyo na gia boksi hiyo hiyo, ilivyouzwa Uingereza au Australia, ambako namba za kuvuta zinaandikwa wazi. Utakuta namba mbili: trela lisilo na breki na trela lenye breki. Kule Ulaya trela likizidi kilo 750 linatakiwa kuwa na breki zake lenyewe. Swali la yule kijana mliyemtukana ndo hilo.

Breki za trela ziko za aina mbili mtakazokutana nazo sana. Kuna zile ambazo gari ikipunguza mwendo, trela linaisukuma mbele na ule msukumo ndo unabana breki za trela. Na kuna za umeme, zinazotaka kifaa chake karibu na dereva. Hizi za umeme ukinunua trela bila kufunga kifaa kwenye gari, una trela lenye breki za maonyesho.

Sasa gari gani? Forester yenye CVT, kwa mfano, Australia iliandikiwa kilo 1,500 kwa trela lenye breki, kwa hiyo siyo kwamba kila SUV ndogo ni takataka. Ila ukiijaza watu watano na mizigo, ule uzito wa kwenye kigololi utakubana tena. Prado 150 ya dizeli Uingereza iliandikiwa kilo 3,000. Hilux mpya za dizeli zenye 4x4 zinafika 3,500. Kwa karavani letu dogo hapo umebakiza nafasi, na nafasi ndo unayolipia. Prado ya petroli cc 2700 ambayo mjini imejaa inakaribiana uzito na ndugu yake, ila mlimani itapiga kelele na kunywa mafuta kama imeachwa na mpenzi. Na V8 siyo lazima jamani. Kuna watu mkisikia kuvuta mnawaza V8 tu, mnataka kuvuta trela au macho ya watu?

Angalia pia urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Gari ndefu inatulia, gari fupi ya milango mitatu inayumbishwa kirahisi hata kama ina nguvu.

Halafu kile chuma cha kuvutia. Hizi SUV za mjini nyingi hazina chesisi ya ngazi kama Hilux, bodi ndo chesisi. Chuma kinatakiwa kifungwe kwa bolti kwenye sehemu zilizoandaliwa na kiwanda. Ukimpelekea mchomeleaji wa mtaani akubandikie kipande nyuma ya bampa kwa bei ya chipsi kuku, siku kitakapong'oka atakuwa haulizwi yeye.

Na hapa namkumbuka komediani mmoja, jina kapuni pia, mwaka jana mlimcheka mpaka akafuta posti. Alikuwa na kitrela kidogo kavuta na double cabin ya zamani, rangi imepauka, mlango mmoja wa rangi nyingine. "Kaishiwa". Nendeni mkaiangalie ile picha kama mmeihifadhi. Gari na trela vimelala sawa kama meza, minyororo miwili ya usalama imepishana chini, vioo vya pembeni vimeongezwa ili aone nyuma. Yule jamaa kuna mtu alimfundisha, au alisoma. Hakupata hata nusu ya laiki za dada yetu.

Kinachonifanya niandike leo na siyo wiki ijayo ni kwamba dada hajarudi. Kwenda Iringa alipanda Kitonga, huko injini na gia boksi ndo ziliteseka. Kurudi Dar anaishuka ile Kitonga, kona juu ya kona, malori mbele, malori nyuma. Gari ya oto ikiachwa kwenye D kwenye mteremko ule, mguu unabaki kwenye breki muda wote, breki zinapata moto, mwisho unakanyaga na hupati kitu. Na nyuma una zaidi ya tani moja inayokusukuma.

Kwa hiyo meneja wake, najua unasoma hapa maana juzi ulinitumia meseji ya matusi. Mwaga maji yote ya tanki kabla ya kuondoka, hiyo ni kilo 100 bure. Jenereta na kreti zipande basi. Mpiga picha naye apande basi. Muulizeni fundi wa Iringa kama breki za trela zinafanya kazi, akisema hazifanyi, liacheni huko huko na mtafute mwenye Hilux au Prado ya dizeli aje kulichukua kwa pesa yenu. Mkikomaa kushuka nalo, gia ndogo tangu juu, mwendo wa bibi harusi, na mtoto atangulie na gari nyingine.

Na yule kijana wa swali la breki, kama upo humu jitokeze kwenye komenti, nataka kukuuliza umejifunzia wapi. Nyie wengine tiririkeni: gari yako inavuta kilo ngapi, na umeisoma wapi hiyo namba?