Piano ya Warsaw na Makaburi ya Tengeru



Juma lililopita, jioni moja ya mvua hapa Kansay, tulikaa na wanakwaya wachache pamoja na katekista mmoja mbele ya kompyuta, tukaangalia filamu ya Kiingereza ya zamani, ya picha nyeusi na nyeupe. Jina lake ni Dangerous Moonlight, na ilitolewa mwaka 1941, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto. Tuliitafuta kwa sababu ya muziki wake tu. Tulipokuwa seminarini, mlezi wetu mmoja mzee alikuwa na kanda ya kaseti iliyochakaa, naye aliipiga kila Jumapili alasiri tulipokuwa tukiosha vyombo. Ilikuwa piano yenye ngurumo na machozi, na okestra kubwa nyuma yake. Tulipomwuliza ni nini, alijibu neno moja tu: Warsaw. Ilituchukua zaidi ya miaka ishirini kujua alimaanisha nini.

Filamu yenyewe inamhusu Stefan Radetzky, mpiga piano wa Polandi ambaye pia ni rubani. Mwezi Septemba 1939 Wajerumani wanaipiga Warsaw kwa mabomu, na mwandishi wa habari wa kike kutoka Marekani anamkuta akipiga piano ndani ya nyumba iliyobomolewa. Wanapendana, wanaoana, na baadaye rubani yule anamwacha mkewe Marekani ili akapigane katika anga la Uingereza. Anaanguka na ndege, anapoteza kumbukumbu. Ni muziki unaomrudishia akili yake. Katika historia, marubani wa Polandi walioshiriki mapambano yale ya anga mwaka 1940 walikuwa 145, kwa hiyo msingi wa kisa haukuwa ndoto.

Utungo unaosikika humo huitwa Warsaw Concerto. Konseto ni utungo ambao chombo kimoja hujibizana na okestra nzima, kama mwimbishaji anavyojibizana na kwaya yake. Mtunzi wake, Mwingereza Richard Addinsell, alitakiwa aandike kitu kinachofanana na kazi za Mrusi Sergei Rachmaninov. Roy Douglas, aliyeupangia okestra muziki huo, alikuwa na konseto ya pili na ya tatu za Rachmaninov zimefunguliwa pembeni alipokuwa akifanya kazi. Mwigizaji mkuu, Anton Walbrook, alikuwa Mwaustria aliyehamia Uingereza kuukwepa utawala wa Hitler. Mikono tunayoisikia ni ya Mhungaria, Louis Kentner, ambaye mwanzoni hakutaka hata jina lake litajwe, akiona kwamba muziki wa sinema ungemshushia heshima. Basi kilio cha Wapolandi kilitungwa na Mwingereza kwa kumwiga Mrusi, kikaigizwa na Mwaustria na kupigwa na Mhungaria. Hatusemi hivyo kwa dhihaka. Uji wa nafaka nyingi nao hushibisha.

Watu waliupenda kupita kiasi. Utungo mzima ni wa takriban dakika tisa, na uliuzwa katika sahani za santuri kwa wingi sana hata filamu nyingine zikafuata njia ile ile. Mwaka 1944 ikaja Love Story, yenye utungo wa piano wa Hubert Bath. Mwaka 1945 zikaja The Seventh Veil na Brief Encounter, na hii ya mwisho iliichukua konseto ya pili ya Rachmaninov mwenyewe. Katika zote mbili aliyepiga piano ni Eileen Joyce, mtoto wa familia maskini ya Australia, ambaye kipaji chake kililelewa na masista katika shule zao. Brief Encounter inastahili tafakari ya peke yake, hasa kwa wanandoa: mama wa nyumbani na daktari, kila mmoja na ndoa yake, wanakutana kituo cha treni, wanapendana, wanaachana bila kuvunja nyumba zao. Mama yule hamwelezi mumewe neno hata moja. Piano ndiyo inayoungama kwa niaba yake.

Turudi Kansay. Filamu ilipokwisha, binti mmoja wa kwaya alikuwa akifuta machozi. Katekista wetu akakohoa, akauliza, “Baba Paroko, hawa watu mji wao unaungua, wao wanapiga piano. Kwa nini wasiende kuchota maji?”

Tulicheka, lakini swali lile halikututoka usingizini.

Jibu letu la kwanza lilikuwa la kuutetea muziki, na bado tunalishikilia. Vita ilipoanza, kumbi za muziki za London zilifungwa. Mpiga piano Myra Hess akaomba jumba la picha la taifa, National Gallery, ambalo picha zake zilikuwa zimeondolewa na kufichwa. Kuanzia tarehe 10 Oktoba 1939 hadi mwaka 1946 palifanyika humo matamasha karibu 1,700, saa ya chakula cha mchana, kwa kiingilio cha shilingi moja. Mabomu yalipoanguka, walishuka vyumba vya chini na kuendelea. Makarani na askari walikaa wakila mkate, wakasikiliza, kisha wakarudi kazini kuchota hayo maji aliyoyasema katekista. Anayefanya kazi ya hatari siku sita anahitaji mahali pa kulia siku ya saba. Wasomi wa muziki walioziita konseto za sinema sukari ya bei rahisi hawakututhibitishia kamwe kwamba chozi la bei ghali ni la kweli zaidi.

Lakini katekista alikuwa amegusa kidonda, na kidonda chenyewe kipo mkoani mwetu. Anayesafiri kutoka Karatu kwenda Moshi, akishaipita Arusha, hufika Tengeru. Tangu mwaka 1942 palikuwa hapo na kambi ya Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1940 watawala wa Kisovyeti walikuwa wamewang’oa makwao na kuwapeleka Siberia na kwingineko. Walipoachiliwa walipitia Iran, kisha meli zikawaleta Afrika Mashariki. Walikaa katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi, wakajenga kanisa, wakaanzisha shule, wakalima. Wameru, wenyeji wa pale, hawakuulizwa na serikali ya kikoloni kama wanakubali, ila waliishi nao na kufanya nao biashara ya ndizi na maziwa. Takriban 150 kati ya wakimbizi hao hawakuondoka kamwe. Makaburi yao yapo hadi leo, ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Hawa ndio Polandi yenyewe. Rubani mzuri wa sura, mwenye vidole vya ajabu, alipata konseto. Mama aliyemzika mtoto wake chini ya Mlima Meru hakupata. Mwezi Februari 1945, huko Yalta, Uingereza ilikubali kwamba mashariki ya Polandi, walikotoka wengi wa watu wa Tengeru, ibaki mikononi mwa Wasovyeti. Tarehe 8 Juni 1946 London ilifanya gwaride la ushindi. Askari wa Polandi waliopigana chini ya amri ya Waingereza hawakupita. Marubani wachache walioalikwa walikataa kwenda bila wenzao. Mashabiki wa Warsaw Concerto hawakuacha kuununua utungo huo mwaka ule. Ndipo tunapoona hatari yake: uliwaruhusu watu wajione wamekwisha kulipa. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini yalihesabiwa kama mchango.

Tusiwanyooshee Waingereza kidole peke yao. Sisi nasi tulikuwa na watu wetu katika vita ile. Askari wa King’s African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana Burma mwaka 1944, katika matope na malaria, na wengine wamelala huko. Kitengo cha filamu cha makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kilitengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, za polepole sana, kwa kuwa mkuu wake aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuatilia picha zinazokwenda kasi. (Angemsikia katekista wetu!) Konseto kwa ajili ya askari hao haikutungwa. Nasi tuliobaki tumewatungia nini? Katika familia ngapi hapa Karatu kuna babu ambaye hakuna mjukuu anayejua alizikwa wapi?

Na wakimbizi wa leo je? Tunayo kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu wa Kongo. Binti yule aliyelia kwa ajili ya Warsaw alituambia hajawahi kulisikia jina hilo. Hatukumlaumu. Sisi wenyewe tulipita Tengeru mara nyingi ndani ya basi la seminari, tukiimba, tukielekea Moshi, wala hatukujua kilicho nyuma ya miti ile.

Mwezi uliopita tulishuka. Mtunzaji alitufungulia lango, akarudi kufagia majani. Tulizunguka misalaba tukisoma majina tusiyoweza kuyatamka na tarehe tunazoweza kuzitoa: mwaka wa kufa kutoa mwaka wa kuzaliwa. Wanakwaya wameomba twende nao baada ya mavuno ya maharage. Nauli tunaikusanya, na katekista ndiye mweka hazina.