Watu wa Bagamoyo ni akina nani?

Mtu akiutaja mji wa Bagamoyo mbele ya darasa la wanafunzi, haupiti muda kabla jina la Livingstone halijasikika. Likishatajwa hilo, hufuata la Stanley, kisha Burton na Speke, na mwanafunzi hodari kuliko wenzake huenda akamkumbuka Emin Pasha. Orodha huishia hapo. Mwalimu huridhika, mwanafunzi hupata alama zake, na mji wenye karne kadhaa za historia huachwa ukiwa kama forodha tu, mahali ambapo wageni wakubwa walipita wakienda kwingine.

Nasema walipita kwa makusudi. Burton na Speke walianzia safari yao Kaole mwaka 1857, wakatokomea bara. Stanley aliondoka na msafara wake Machi 1871. Emin Pasha aliletwa na Stanley huyo huyo Desemba 1889, akaanguka kutoka ghorofani usiku wa karamu aliyoandaliwa na Wajerumani, akauguzwa hospitalini mjini hapo. Hicho ndicho alichokifanya Bagamoyo. Ama Livingstone, ambaye mnara wa kanisa la misheni unaitwa kwa jina lake, aliingia mjini akiwa maiti, Februari 1874. Safari yake ya mwisho alikuwa ameianzia kusini, upande wa Mikindani, mwaka 1866.

Sina ugomvi na marehemu hao, wala sipendekezi majina yao yafutwe vitabuni. Waliandika mengi, na baadhi ya waliyoyaandika tunayatumia hata sasa, ingawa yafaa Burton asomwe kwa tahadhari, kwa sababu hakuwaficha wasomaji wake dharau aliyokuwa nayo kwa wenyeji. Ugomvi wangu ni juu ya kipimo. Ni kipimo gani kinachotufanya tumwite mtu aliyelala Bagamoyo siku chache kuwa mtu mashuhuri wa Bagamoyo, na wakati huo huo tusimjue aliyeishi pale maisha yake yote? Kipimo hicho hatukukitunga sisi. Tulirithishwa pamoja na madawati na ramani za ukutani, na tumekitunza vizuri kupita kiasi.

Tuanze na maiti ile ile ya Livingstone. Haikutembea yenyewe. Alipofariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi pwani kwa muda wa miezi tisa hivi. Waliowaongoza ni Abdallah Susi, mzaliwa wa Shupanga katika Msumbiji, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana mdogo. Wangeweza kuutupa mzigo ule njiani na hakuna ambaye angewalaumu. Walipoufikisha Bagamoyo, ulichukuliwa mikononi mwao, na mazishi yakafanyika Westminster Abbey Aprili 1874 kabla wao hawajafika Uingereza. Mnara wa misheni ukiitwa mnara wa Susi na Chuma, kuna uongo gani hapo?

Nyuma ya hao wawili wapo wapagazi, maelfu kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, waliokuwa wakishuka kila mwaka na pembe za ndovu na kupanda tena na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kwa muda mrefu walimu wetu wamefundisha kwamba jina Bagamoyo ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Watumwa walipita pale, na maumivu yao hayana mjadala. Lakini ipo maana nyingine ambayo wanahistoria wengi wanaielekea zaidi, nayo ni ya mpagazi anayeutua mzigo wake baada ya miezi ya njiani na kuubwaga moyo, yaani kuutuliza. Wapagazi walikuwa wafanyakazi wa ujira. Waligombea posho, walikataa mizigo iliyozidi, na mara nyingine waliuacha msafara porini na bwana wake. Mji ule uliishi kwa jasho lao, na majina yao machache mno yameandikwa.

Aliyejua zaidi thamani ya jasho hilo alikuwa Sewa Haji Paroo, Mhindi mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1851, ambaye duka lake Bagamoyo lilikuwa likiipatia misafara bidhaa na wapagazi, misafara ya Wazungu ikiwemo. Utajiri wake ulitoka vichwani mwa wapagazi, na mtu asijaribu kulipamba jambo hilo. Hata hivyo, mwaka 1892 aliikabidhi serikali ya Kijerumani jumba la ghorofa Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi. Sharti la namna hiyo, katika koloni, miaka ile! Alitoa pia mali kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam, na ndiyo sababu jina lake lipo hadi leo Muhimbili, katika wodi za Sewahaji. Maelfu ya wagonjwa wamelazwa Sewahaji bila kujua kwamba hilo ni jina la mtu.

Lakini nikilazimishwa kumtaja mmoja tu ambaye maisha yake yanaueleza mji huo, ningemtaja Sheikh Ramiya. Jina lake kamili ni Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akatekwa na kuletwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Alikulia katika nyumba ya mmoja wa wakubwa wa Kiarabu wa mji, akapata uhuru wake, akafanya biashara ndogondogo na baadaye akawa na mashamba ya minazi. Elimu aliitafuta akiwa mtu mzima, akafikia kuwa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria, aliyefuatwa na watu kutoka mbali. Waingereza walipouteka mji katika Vita Kuu ya Kwanza, walimpa uliwali. Mtoto aliyeingia Bagamoyo akiwa mali ya mtu, sasa alikuwa liwali wa Bagamoyo! Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akashika nafasi yake katika tarika. Miaka ya 1950, TANU ilipokuwa ikitafuta njia ya kuingia Bagamoyo, ilikuwa heshima ya nyumba hii iliyowavuta wengi kujiunga.

Masimulizi hayo yana somo la utumwa, la biashara, la elimu ya watu wazima, la dini, la ukoloni na la kupigania uhuru. Ni mwalimu gani wa historia asiyeyahitaji? Na hayahitaji kuagizwa ng'ambo.

Wa pili ambaye angenipa tabu kumwacha ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alizaliwa karibu na mji, Dunda, yapata mwaka 1869, akasoma chuoni na yeye mwenyewe akafundisha. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Yale aliyoyaandika juu ya maisha ya watu wa pwani, tangu kuzaliwa na jando hadi ngoma, ndoa, mashamba na mazishi, pamoja na maandishi ya wenzake wengine, yalichapishwa Göttingen mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jina lililopewa nafasi ya mbele ni la Mjerumani, Carl Velten, aliyeyakusanya. Mtoro alikuwa mwalimu wa chuo katika Berlin, lakini wanafunzi wake Wajerumani walimdharau kwa rangi yake, na mwaka huo huo wa 1903 akaiacha kazi. Alioa huko. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, watawala wa koloni walikataa wawili hao wasiishi kama mume na mke katika Afrika Mashariki, akalazimika kurejea Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927 bila kuiona tena Bagamoyo.

Kitabu hicho kimetumiwa na wataalamu wa kigeni kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mahali pake. Mimi nimehitimu chuo kikuu hapa nchini, na nawajua wahitimu wenzangu wa Kiswahili wanaoweza kuwataja wahakiki kumi wa fasihi bila kumtaja Mtoro hata mara moja.

Wengine nitawataja kwa haraka kwa kuwa wanajulikana zaidi. Bushiri bin Salim alikuwa wa Pangani, na huko ndiko aliponyongwa Desemba 1889, lakini Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa nyanja kuu za vita vyake. Bwana Heri wa Saadani, jirani ya kaskazini, aliwahangaisha Wajerumani hadi mwaka 1890. Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, alikifanya Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 kuwa nyumbani kwa zeze na malimba yake, na jina lake likavuma duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Rais Mstaafu Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, hahitaji kutambulishwa na mimi.

Yupo atakayeuliza: Ramiya alitoka Manyema, Sewa Haji Unguja, Zawose Dodoma, nao si wageni kama Stanley? Ni wageni kweli, na swali ni la haki. Tofauti ni kwamba hao waliuweka mji ule katika maisha yao na maisha yao katika mji ule. Mji wa pwani haukupata kuwa wa kabila moja, na anayewatafutia watu wa Bagamoyo asili moja atarudi mikono mitupu.

Atakuwapo pia wa kusema kwamba watalii huja kwa sababu ya Livingstone, na watalii huleta fedha za kigeni. Na waje. Lakini mgeni aliyesafiri kutoka mbali kuja kuuona mnara anaweza kusimuliwa habari za Susi na Chuma kwa dakika zile zile, na sidhani atadai arudishiwe nauli yake. Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006 kwa sababu ya njia ya biashara ya watumwa na pembe. Ombi hilo litakuwa na nguvu gani ikiwa wenyeji wenyewe hawawezi kumtaja mtumwa mmoja kwa jina, na huku yupo aliyekuwa liwali wao?

Maofisa utamaduni na maofisa elimu wa wilaya hawahitaji kusubiri waraka kutoka wizarani. Mitaa haijaisha kupewa majina, shule mpya zinajengwa kila mwaka, na maktaba ya shule ya sekondari haifilisiki kwa kununua nakala mbili za kitabu cha Mtoro. Wazee waliomwona Sheikh Muhammad Ramiya kwa macho yao bado wanaweza kupatikana, lakini si kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye daftari na kalamu, akitumwa na mwalimu wake kumhoji babu yake wakati wa likizo, atapata ambayo hakuna mtafiti wa kigeni atakayeyapata miaka ishirini ijayo. Likizo ijayo haiko mbali.